Kovu la Gazetini

Zilikuwa zimebaki siku nne Cornelius Tuohy anyongwe, na mtu aliyemkamata alikuja gerezani kumwomba jambo moja tu: ageuze uso.

"Geukia dirishani," alisema Sajenti Ephraim Cottle.

"Leo umenisahau sura, Sajenti? Siku ile bandarini ulinijua katikati ya makuli mia mbili, tena ukungu umetanda."

"Geuka, Tuohy."

Kuli akageuka. Mwanga wa Alhamisi ile, mwepesi kama uji wa mfungwa, ukamwangukia shavuni. Kovu lilianzia chini ya jicho la kulia likashuka hadi pembe ya taya. Ndoano ya magunia ilimchana hapo miaka kumi na moja nyuma, na aliyemshona alikuwa fundi wa matanga.

Cottle akagusa shavu lake mwenyewe la kulia. Akagusa la kushoto. Kisha akatoa daftari, akalamba ncha ya penseli, akaandika: Kulia. Nimeona kwa macho yangu, Alhamisi, saa tatu asubuhi.

"Upande wa pili hakuna alama? Hata ya ndui?"

"Upande wa pili ni mzuri. Huo ndio Honora aliufuata mpaka kanisani." Tuohy akamtazama. "Kwani kitanzi nacho kina upande?"

Askari jela aliyesimama mlangoni akaangua kicheko. "Mtazame anavyobinua mdomo! Kama kwenye gazeti la Njuga vile vile."

"Umesikia?" Tuohy alisema. "Kila anayeniletea mkate ananicheka. Wananiambia nimechorwa na Fanshaw mwenyewe, ukurasa mzima, kama waziri. Mimi sijaiona. Niletee, Sajenti. Mtu asife hajui amefanana na nini."

"Ile picha haina maana."

"Kwa wale kumi na wawili wa baraza walionihukumu ilikuwa na maana. Mmoja alikuja nayo mahakamani, kaikunja ndani ya kofia."

Cottle alifunga daftari. Askari jela alikuwa bado anacheka.

*

Mkuu wa upelelezi, Bwana Braddle, hakuinua kichwa Cottle alipoingia. Alikuwa akisoma huku akila biskuti, na makombo yalikuwa yamemjaa kwenye ndevu.

"Kesi ya mlinzi Orchell imekwisha," alisema. "Amos Orchell alipigwa chuma cha kichwa kwenye lango la bohari la chai, Wapping. Muairishi aliyegombana naye wiki ile ile amekutwa na hatia. Mjane kamtambua. Unataka nini tena?"

"Jana nilimrudishia mjane kandili ya mumewe, mkuu. Ile tuliyoishika kama kielelezo."

"Vizuri. Utu."

"Nikasimama mlangoni pake. Mlango unatazama kichochoro, na upande wa pili ni ukuta mtupu wa bohari. Mtu akitoka langoni kwenda mtoni anampita mama yule kwa ubavu wa kushoto. Shavu lake la kulia linatazama ukuta."

Braddle aliacha kutafuna.

"Mama Orchell aliapa aliona kovu," Cottle aliendelea. "Jaji akamuuliza ni shavu gani. Akasema 'hapa', akajigusa. Karani aliandika 'shavu' tu. Mimi niliandika alipogusa." Akafungua daftari ukurasa wa nyuma, akaliweka mezani. "Kushoto. Tuohy ana kovu kulia. Nimetoka kulitazama sasa hivi."

"Mjane kachanganyikiwa. Mumewe kauawa, unataka ajue kulia na kushoto?"

"Angekuwa amemwona Tuohy, asingeona kovu lolote. Lilikuwa upande wa ukuta."

"Na kwenye gwaride la utambulisho? Alimwonyesha kidole mara moja, bila kusita. Nani aliyeandaa gwaride lile?"

"Mimi."

"Watu wangapi?"

"Tisa."

"Wenye kovu wangapi?"

"Mmoja, mkuu."

Maneno hayo yalikaa pale mezani baina yao, karibu na biskuti.

"Basi nani alimpa mjane hilo kovu?" Braddle akasema. "Sema. Unamsingizia konstebo wangu kwamba alimfundisha mjane?"

"Nilidhani hivyo mpaka usiku wa jana. Nimewahoji wote wawili waliokwenda kwake. Mmoja hata hajui kama Tuohy ana kovu. Leo nimesikia picha ya Njuga ilifika hata mahakamani."

Braddle akacheka kwa kupumua, akaegemea kiti. "Sasa umepotea kabisa, Cottle. Mjane alikuja kituoni siku gani?"

"Ijumaa."

"Na picha ya Fanshaw ilikuwa kwenye toleo la tarehe gani?"

"Jumamosi. Kesho yake."

"Haya! Alitabiri? Alilala akaota gazeti?"

Cottle alitazama kile alichokuwa akisoma mkuu wake. Akanyoosha mkono polepole, akaligeuza gazeti ili tarehe iwaelekee wote wawili. Ilikuwa Njuga. Juu pameandikwa Jumamosi. Na siku yenyewe ilikuwa Alhamisi.

"Hili umelipata lini, mkuu?"

Braddle alikung'uta makombo.

"Jana," alisema mwishowe. "Jumatano. Linatoka Jumatano. Kila mtu anajua linatoka Jumatano."

"Ndiyo, mkuu."

"Usinijibu ndiyo kwa sauti hiyo. Una mpaka kesho jioni, na mimi sikukutuma mahali."

*

Gideon Thripp alikuwa mchonga vibao vya picha za Njuga, kwenye ghorofa ya juu kabisa ya jengo lililoegemeana na wenzake nyuma ya Fleet Street, mtaa wa magazeti. Alikaa mbele ya tufe la kioo lililojaa maji, na mwanga wa dirisha ulipita ndani ya maji yale ukatua kama sarafu kwenye kipande cha mti kilichokuwa mkononi mwake. Patasi yake haikuwa nene kuliko msumari. Macho yalikuwa mekundu, pembeni yana utando.

"Picha ya Muairishi kizimbani?" alisema. "Naikumbuka. Ilikuja Jumatatu jioni, alfajiri ilitakiwa mashineni. Keti hapo, usiguse meza."

Alishuka ngazi akarudi na kibao kizito kilichofungwa bolti kwa nyuma, na nakala ya gazeti lenyewe. Akavilaza vyote viwili chini ya dirisha.

"Fanshaw anachora kwa penseli juu ya mti," alisema. "Sisi tunakichimba kisicho mchoro, mistari inabaki imeinuka, inapakwa wino. Tukimaliza, mchoro wake haupo tena. Tumeutafuna wote. Inabaki kazi yetu na jina lake."

Cottle aliinama. Kwenye kibao, mtu wa kizimbani alikuwa na kovu shavu la kulia. Kwenye karatasi, mtu yule yule alikuwa nalo kushoto.

"Ni kama muhuri," Thripp alisema. "Ukigonga, unageuka. Mtoto wa siku ya kwanza kazini anajua. Mchoraji huchora kinyume makusudi, ili karatasini kije sawa. Fanshaw ana kioo chake kikubwa, hutazama rasimu ndani ya kioo ndipo anachora. Miaka thelathini hajakosea."

"Hapa?"

"Hapa hakutumia kioo. Tazama vifungo."

Cottle akatazama karatasini. Hakimu, karani, konstebo, hata mfungwa: kila koti lilifungwa upande wa kike. Konstebo alikuwa ameshika rungu lake kwa mkono wa kushoto. Karani alikuwa akiandika kwa mkono wa kushoto. Ukurasa uliouzwa Uingereza nzima, na hakuna aliyeuliza kwa nini mahakama nzima imevaa makoti ya wake zao.

"Na wewe hukuona?"

"Nione nini?" Thripp akakigeuza kibao, akaonyesha bolti. "Huu si mti mmoja. Ni vipande vinane. Tunavifungua, kila mtu anachukua chake, tunachonga usiku kucha, asubuhi tunavikaza pamoja. Vifungo kachonga Lusby. Rungu kachonga mwingine. Mimi nilipewa kichwa. Hakuna aliyeiona picha nzima mpaka imekazwa, na wakati huo mwenye mashine yuko ngazini anatukana."

"Kichwa ulichonga kama alivyokichora?"

Thripp alifuta patasi kwenye aproni, mara mbili, ingawa ilikuwa safi.

"Bwana Sajenti, kile kichwa nimekichonga labda mara mia. Pua bapa, taya kama jembe, mdomo wa juu mrefu. Siku hizi Fanshaw haweki hata mistari. Anazungusha duara, anaandika pembeni 'Muairishi', mimi najua. Mkono unakwenda wenyewe. Kovu tu ndilo lilikuwa jipya."

"Utaapa hivyo?"

"Nikiapa, kesho sina vibao."

"Usipoapa, Jumatatu saa mbili asubuhi yeye hana shingo."

Thripp alitazama lile duara la mwanga kwenye mti wake. "Mimi ni mkono tu," alisema. "Yeye ndiye jina. Lipate jina kwanza. Ukilipata, na mkono utakuja." Lakini Cottle alipofika ngazini alimwita, akamwekea kibao kizima kwapani, kimefungwa kwa gunia. "Kipeleke. Vibao vya mwezi uliopita hupigwa randa kila Jumamosi, vichongwe upya. Ungekuja keshokutwa usingekuta kitu."

*

Ijumaa asubuhi Lemuel Fanshaw alimpokea sajenti kwa chai. Alikuwa mzee mpole, mwenye shali mabegani, na vidole vyake vilitetemeka hata vilipokuwa vimepumzika gotini. Ukutani kwake palikuwa na picha moja tu aliyoitundika mwenyewe: mtoto mfagia dohani, amekwama kifuani ndani ya bomba la matofali, macho yametoka. Wengine wenye nywele nyeupe mjini bado wanaikumbuka. Ilipotoka, wabunge walinyanyuka kwenye viti vyao kwa aibu, na mabibi wakazima mioto yao. Watu wasiojua kusoma walimpenda Fanshaw kuliko mhubiri, kwa kuwa aliwasomea nchi yao. Walikata kurasa zake wakabandika jikoni.

Na penseli ile ile, mwaka viazi vilipooza Ireland, kwao Tuohy, watu wakala nyasi hadi midomo ikawa kijani, iliwachora wamenona, rungu mkononi, wakigonga mlango wa jirani mwema. Nchi ikacheka. Ukimcheka mwenye njaa mara moja, hutamsikia tena akilia. Hayo nayo yapo wanaoyakumbuka, ila wao hawana majarida.

"Nimeona umekuja na kibao changu," Fanshaw alisema. "Thripp kakutuma?"

"Nimejituma. Jumatatu ile Tuohy alipofikishwa kwa hakimu mara ya kwanza, ulikuwa na kioo?"

"Mimi hutumia kioo daima."

"Mahakamani, bwana?"

Mzee alikoroga chai isiyokuwa na sukari. "Mhariri alitaka picha jioni ile ile. Nilikipakata kibao hapo hapo benchini. Hakukuwa na nafasi ya rasimu. Nilijua nichore kinyume kwa kichwa. Nimefanya hivyo tangu hujazaliwa."

"Vifungo vinasema hukufanya."

Fanshaw hakukitazama kibao. "Macho yangu," alisema, "siku hizi yanaona pembeni tu. Katikati pana moshi. Njuga hawajui. Usiwaambie."

"Sina haja na macho yako. Nataka uandike kwamba kovu lililochapishwa limegeuka upande. Nipeleke kwa waziri leo, azuie kitanzi."

"Unajua unachoniomba? Waandike kwamba Fanshaw alisahau kioo! Kila mtoto wa studio atanicheka. Na kwa ajili ya nani? Mtu aliyetambuliwa na mjane wa marehemu!"

"Alimtambua kwa picha yako."

"Basi picha ilifanana naye! Ungetaka nini zaidi kwa mchoraji?"

Cottle alichana karatasi kwenye daftari lake, akaiweka juu ya trei, akaweka na penseli. "Ulikaa futi sita kutoka kwake, saa nzima. Nichoree Tuohy."

Mzee alimtazama kwa ubavu, akatabasamu kidogo kama mtu aliyeombwa wimbo anaoujua. Penseli ilitetemeka hewani, lakini ilipogusa karatasi haikutetemeka tena. Pua bapa. Taya kama jembe. Mdomo wa juu mrefu. Haikuchukua dakika. Kisha mkono ukapanda kuweka kovu, ukasimama. Ukaenda kulia. Ukarudi kushoto. Ukasimama tena.

"Macho yake ni ya rangi gani?" Cottle aliuliza.

Mzee aligeuza kichwa pembeni, kama anatafuta uso hewani.

"Nywele? Anachana upande gani? Ni mrefu au mfupi?"

Saa ya ukutani iligonga robo. Fanshaw aliweka penseli chini taratibu, mbali na karatasi, kana kwamba ni kitu cha mtu mwingine.

"Macho yangu mabovu ni ya mwaka huu tu," alisema. "Ule uso nimeuchora miaka ishirini. Wakati ule nilikuwa naona vizuri sana, Sajenti. Na sikuwahi kumtazama hata mmoja."

Aliandika mwenyewe, mistari minane, akatia sahihi. Herufi zilipanda na kushuka. Alipomaliza alimwomba Cottle amgeuzie ile picha ya mfagia dohani itazame ukuta, na sajenti akafanya hivyo kabla ya kuondoka.

*

Bi Tamsin Orchell alikuwa akimenya viazi. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini, mweusi wa nguo toka kofia hadi viatu, na kandili ya mumewe ilikuwa juu ya meko, imesuguliwa ikang'aa.

"Mbona umerudi, Sajenti? Umeleta na kofia yake?"

"Hapana, mama. Nataka usimame mlangoni kama usiku ule. Mimi nitapita."

"Nimesimama mlangoni pale kila usiku tangu siku hiyo. Sihitaji kufundishwa."

Lakini alisimama. Cottle alikwenda mpaka langoni pa bohari, akakipa kichochoro mgongo, akajichora mstari wa chaki shavu la kulia. Akapita haraka, kola juu, akielekea mtoni. Ukuta ulikuwa kulia kwake, mama kushoto.

"Umeona nini usoni pangu?"

"Sijaona kitu. Pua."

Akarudi langoni, akafuta, akajichora kushoto, akapita tena.

"Chaki," alisema mama. "Hapa." Akajigusa shavu lake la kushoto, kama alivyojigusa mahakamani.

Cottle alimsogelea, akageuza uso wake, akapitisha kidole shavu la kulia. "Kovu la Tuohy liko hapa, mama. Hapa peke yake. Angepita mlangoni pako, ungeona shavu safi."

"Mwongo."

"Nimelitazama jana."

"Mimi nililiona! Nimeapa kwa Biblia, mkono wangu juu yake. Kovu lilikuwa hapa, refu, linashuka hivi. Nikifumba macho naliona!"

"Najua unaliona, mama. Uliliona wapi?"

Alifungua mdomo. Kisha kichwa chake kikageuka, chenyewe, kama kichwa cha mtu anayesikia jina lake likiitwa nyuma yake.

Ukurasa wa Njuga ulikuwa umebandikwa ukutani kwa uji wa ngano, juu ya meza ya viazi. Mtu wa kizimbani alimtazama, kovu shavu la kushoto.

"Jirani aliniletea Jumatano," alisema polepole. "Nilikuwa kitandani. Sikuwa nakula. Akasema, amka, Tamsin, mtazame aliyekufanya mjane. Nikaibandika hapo. Ijumaa nikapata nguvu nikaja kwenu."

Cottle aliandika: Jumatano.

Mama alichukua kisu cha viazi akakiingiza chini ya pembe ya karatasi. Ilitoka vipande vipande. Chini yake palikuwa na ukurasa mwingine, wa kahawia, una moshi wa miaka. Uso ulikuwa ule ule. Pua bapa, taya kama jembe. Kovu tu halikuwapo. Akaukwangua na huo. Chini yake palikuwa na mwingine, na rungu mkononi, na tarehe ya zamani kuliko ndoa za watoto wake.

"Amos ndiye aliyebandika," alisema. "Upepo ulikuwa unaingia nyufani. Alimpenda sana huyu bwana Fanshaw. Alikuwa akirudi zamu ananyoosha kidole, anacheka mpaka anakohoa. Nami nikicheka." Kisu kilishuka. "Huyu mtu nimemwona maisha yangu yote."

Alikaa. Viazi vilivyomenywa vilikuwa vinageuka rangi ndani ya beseni.

"Mlinipa mtu wa kumchukia," alisema. "Wewe ndiye uliyempanga pale mstarini. Ulinishika kiwiko. Sasa unaniomba nimrudishe. Nani basi aliyemuua mume wangu?"

"Sijui, mama."

"Hujui! Anasimama jikoni kwangu na chaki usoni, ananiambia hajui!"

"Kuna mtu alipita. Hilo hukuota."

"Alipita." Sasa alikuwa akitazama mlango, si ukuta. "Alikuwa akilia. Kwa sauti, kama mtoto aliyepotea sokoni. Sikuwaambia. Hakuna aliyeniuliza, na kwenye picha halii."

Cottle aliandika hilo kwenye ukurasa wake peke yake. Kisha akamsomea hati ya kufuta utambulisho, mara mbili, polepole, na mama akaweka alama ya msalaba, akaikandamiza hadi nibu ikapasuka.

*

Nchi ile haikuwa na mahakama ya rufaa kwa mtu aliyehukumiwa kunyongwa. Ilikuwa na waziri, na moyo wa waziri. Cottle alipeleka huko hati ya Fanshaw, hati ya mjane, hati ya Thripp, maana mkono nao ulikuja, na kibao chenyewe ndani ya gunia. Alikaa kwenye benchi la ukumbini Ijumaa yote na Jumamosi yote. Hakuna aliyemwita ndani.

Jumapili baada ya ibada barua ilifika gerezani. Cottle alimsomea Tuohy akiwa amesimama.

"Hutanyongwa kesho."

Tuohy alishika ukingo wa kitanda. Askari jela safari hii hakucheka.

"Naenda nyumbani?"

"Hapana. Ni kazi ngumu, maisha."

"Wamesema sikuua?"

"Hawakusema."

"Wamesema nini basi?"

Cottle aliitazama barua kana kwamba imebadilika tangu aliposoma. Haikutaja kovu wala kibao, vifungo wala kichochoro. "Wamesema Malkia amekuonea huruma."

"Huruma." Tuohy alilitafuna neno lile. "Huruma huonewa mwenye kosa, Sajenti. Kosa langu lipi? Honora nimwambie nini? Kwamba nitavunja mawe mpaka nife, kwa huruma?"

"Natafuta mtu mwingine. Mtu aliyepita akilia. Nikimpata—"

"Ukimpata." Kuli aliketi. Akanyoosha mkono, kiganja juu. "Uliniahidi kitu."

"Sikuahidi."

"Nilikuomba. Kwa mtu kama mimi ni hilo hilo."

Cottle alitoa ukurasa wa Njuga mfukoni, uliokunjwa mara nne. Tuohy aliukunjua juu ya magoti, akaulainisha kwa mikono yote miwili kama kitambaa cha meza. Alimtazama hakimu. Alimtazama karani na kalamu yake ya kushoto. Alimkagua konstebo kutoka kofia hadi buti. Macho yake yakapita kizimbani, yakaendelea, yakaingia kwenye umati uliochorwa nyuma, uso mmoja baada ya mwingine, safu baada ya safu, hadi pembe ya chini ya ukurasa. Yakarudi juu yakaanza upya.

"Sioni," alisema. "Mimi niko wapi hapa?"

Cottle alinyoosha kidole, lakini hakukigusisha kwenye karatasi.